Minana wamejaa kwenye mnazi wa uani, baba mkwe anataka uangushwe. Naomba ushauri

Binti_Mikindani: Habari zenu wadau. Naishi ukweni hapa Mikindani. Tangu mvua zianze, minana, wale ndege wa njano wenye kichwa cheusi, wamehamia kwenye mnazi wetu. Makuti yamebaki chelewa tupu, na kelele ni tangu alfajiri. Baba mkwe anasema mnazi uangushwe, au angalau viota vyote viondolewe. Mimi nawapenda mno, na wanangu wanashinda wakiwatazama. Leo kinda limeanguka, halina manyoya. Nimeliweka kwenye boksi lenye kitambaa. Naambiwa nikiligusa tena mama yake atalikataa. Nifanyeje?

Mzee_wa_Ndanda: Mwanangu, hilo la harufu ya mkono si kweli. Ndege hamtupi mtoto wake kwa kuwa kaguswa. Tafuta mkwezi leo leo alirudishe. Kama lilianguka na kiota chake, kifungwe kwa kamba kwenye kuti la chini, mlango ukitazama chini kama walivyousuka. Usilitilie maji mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Mkate na maziwa usilipe kabisa. Minana wakubwa wanakula nafaka, lakini makinda hukuzwa kwa wadudu, kwa hiyo ukilazimika kulisha, mpe panzi mdogo aliyetolewa miguu. Lingekuwa na manyoya na linarukaruka, ningekwambia liweke tawini, ufungie paka, basi.

Mama Wawili Lindi: Dada, kuhusu baba mkwe, mweleze hivi kwa heshima. Anayesuka ni dume. Jike anakuja kukagua, na asiporidhika dume anakifumua kiota na kuanza kingine. Mkiviangusha sasa, watachana makuti mabichi upya, na mnazi ndio utakaoumia zaidi. Nazi zinaweza kupungua msimu huu, hilo tusimfiche. Lakini subirini makinda waruke, ndipo mpunguze viota vikavu vilivyo vitupu.

kuku_wa_kienyeji: Naongeza: maji ya kuku yasichangiwe na ndege, na chanjo ya mdondo (ugonjwa wa kuku), ile ya tone la jicho, irudiwe kila miezi 3. Ndege wawekee sahani ya kina kifupi, maji yabadilishwe kila siku, la sivyo unafuga mbu. Makombo yasilale uani. Yanaita kunguru, hawa waliotokea India wakaletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na hao ndio wala mayai na makinda.

Binti_Mikindani: Asanteni sana. Shikamoo mzee. Mkwezi amekuja, kinda limerudi juu. Hoja ya makuti mabichi imemwingia baba mkwe, kasema tusubiri mvua ziishe. Ila jirani ana mikorosho. Akipuliza dawa je?

Mzee_wa_Ndanda: Marahaba. Upulizaji huanza karibu na Juni, wakati huo wengi watakuwa wamemaliza kulea. Salfa ni dawa ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Mimi naogopa zaidi dawa ya mbu wa mikorosho (mdudu anayefyonza mikorosho, si mbu wa kuuma watu), kwa sababu ndege wanaokota wadudu waliokwisha kupata sumu. Mwombeni apulize asubuhi mapema upepo ukiwa umetulia, awape taarifa, nanyi siku hiyo mwondoe sahani ya maji.