Binti yangu mwenye usonji amechaguliwa vyuo vitatu: tumsaidieje kuthibitisha kimoja?

Mama wa Makambako

Kamwene, ndugu zangu. Naomba ushauri wa wazazi, wa walimu, na hasa wa wale wenye usonji (autism) wenyewe, kwa kuwa siku za kuthibitisha udahili zinahesabika na nyumbani kwetu kila mtu ana chuo chake.

Binti yangu ana miaka 18 na amemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Aligundulika kuwa na usonji akiwa na miaka 11, baada ya miaka mingi ya kuambiwa kwamba ana kiburi kwa sababu hamtazami mtu usoni anapoamkia. Huandika vizuri kuliko anavyoongea, na hesabu hazimpi shida. Kinachomtesa ni kelele, foleni, kuguswa bila taarifa, na jambo lililopangwa kubadilishwa ghafla. Tangu kidato cha kwanza hupima mvua kila siku saa tatu kamili asubuhi kwa kopo alilolitengeneza mwenyewe, kisha huandika milimita kwenye daftari. Alipokuwa bweni kazi hiyo aliniachia mimi, na kila likizo alikagua namba zangu moja baada ya nyingine. Sasa ni daftari la tano.

Amechaguliwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kwa sayansi ya kompyuta, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kule Iringa kwa shahada ya sayansi na ualimu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa shahada ya sayansi ya hali ya hewa. Baba yake anataka Mbeya, akiamini kwamba kompyuta ina ajira. Moyo wangu uko Iringa, kwa sababu mama yake mdogo anakaa Kihesa, na sisi hapa Makambako tuko karibu katikati ya miji hiyo miwili, hivyo akipata tatizo tunafika kwa saa chache. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, kuna joto na msongamano, na ndugu tuliye naye huko ni binamu yake mmoja anayesoma chuo hichohicho. Tukimwuliza yeye anataka wapi, anajibu "sijui" na kuondoka. Tumsaidieje achague bila sisi kumchagulia?

Baba wa Kihesa

Dada yangu, hongera kwa matokeo ya binti, na pole kwa mzigo wa uamuzi huu. Mwanangu naye ana usonji. Alianza chuo miaka minne iliyopita, mbali na nyumbani, katika chuo ambacho sitakitaja, na nakiri kwamba tulikichagua kwa ajili ya jina lake tu.

Aliwekwa chumba cha watu sita ambacho muziki ulilia hadi saa nane usiku. Kufikia mwezi wa pili alikuwa ameacha kwenda bwaloni kwa sababu ya foleni na mlio wa sahani, akawa anaishi kwa mkate na maji, nasi hatukujua kwa kuwa kila tulipopiga simu alijibu "nzuri". Baadaye jaribio la somo moja lilihamishiwa ukumbi mwingine, na taarifa ikatolewa asubuhi ileile kwenye kundi la WhatsApp la darasa, wakati yeye alikuwa ameshajitoa kwenye kundi hilo kwa sababu mamia ya ujumbe kwa siku yalikuwa yanamchanganya. Alikaa peke yake katika ukumbi mtupu saa nzima, kalamu mkononi, akisubiri wenzake. Alimaliza mwaka na sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia, ikabidi aahirishe masomo. Leo anasoma hapa Iringa, analala nyumbani, na anaendelea vizuri. Msimamo wangu ni kwamba ukaribu na nyumbani utangulie, kozi ifuate.

Mhitimu wa Iyunga

Shikamoo mama, shikamoo mzee. Mimi nina usonji, nilisomea uhandisi hapa Mbeya na ninafanya kazi hapahapa. Mzee, naomba kutofautiana nawe kuhusu sababu ya yaliyomsibu mwanao. Kilichomwangusha ni chumba cha watu sita, bwalo, na taarifa zinazopitia njia moja tu. Mambo hayo yanaweza kumkuta mtu Iringa, Mbeya au Dar es Salaam. Kulala nyumbani kuliyaondoa yote matatu kwa mpigo, ndiyo maana ukaribu ukaonekana kuwa dawa.

Mama, nadhani "sijui" ya binti yako ni jibu la kweli. Mimi nilipoulizwa nataka chuo gani, ndani ya swali hilo niliona maswali arobaini, na sikuweza kujibu la kwanza kabla ya kujua la thelathini. Muulize madogo, kwa maandishi, na umwachie muda. Utalala na nani? Jumanne mchana utakula nini, na wapi? Kutoka chumbani hadi darasani ni dakika ngapi? Kelele zikikuzidi saa nne asubuhi, utakwenda kukaa wapi mpaka saa sita? Ukikwama, wa kwanza kuambiwa ni nani? Somo gani ungelisoma hata kama hakuna mtihani?

Hakuna aliyeniandaa kwamba mwezi wa Januari, mvua ikipiga juu ya paa la bati, sauti ya mhadhiri ingepotea kabisa masikioni mwangu huku wenzangu wakiendelea kuandika. Wiki nzima nilidhani akili yangu imeharibika. Baadaye nilipanga chumba mtaani peke yangu, nikanunua jiko dogo la gesi, nikawa napika wali na maharage yaleyale kila siku, na nguvu niliyokuwa naimalizia bwaloni ikarudi darasani. Wazazi wengi hawajui kwamba kujitahidi kuonekana kama wengine kuanzia asubuhi hadi jioni ni kazi nzito, na kwamba mtoto anayefika chumbani, akazima taa na kujifunika blanketi saa mbili nzima, hajamchukia mtu yeyote. Anapumzika.

Kilichonivusha mwaka wa kwanza, pamoja na yote hayo, ni kwamba nilipenda saketi za umeme kuliko nilivyochukia kelele. Mtoto aliyepima mvua kwa miaka sita asiondolewe kwenye hali ya hewa kwa haraka.

Mhadhiri, Nyanda za Juu Kusini

Nashukuru kwa mchango wa aliyenitangulia. Naongeza jambo ambalo halijaguswa kuhusu Mkwawa: shahada ya sayansi na ualimu ina mazoezi ya kufundisha. Mwanafunzi hupelekwa sekondari kwa wiki kadhaa, akasimama mbele ya darasa ambalo mara nyingi lina wanafunzi zaidi ya 50, huku mhadhiri anayemtathmini ameketi nyuma na fomu yake. Wapo wenye usonji wanaofundisha vizuri mno, hasa hisabati, kwa kuwa hawaruki hatua. Hata hivyo ni lazima binti mwenyewe aulizwe kama anataka kuwa mwalimu. Mama mdogo wa Kihesa hatasimama darasani badala yake. Kompyuta nayo isichaguliwe kwa dhana kwamba kila mwenye usonji anaipenda, kwa maana huko kazi za vikundi ni nyingi.

Jambo la pili ni kusema au kunyamaza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inalinda haki yake ya kusoma bila kubaguliwa. Lakini usonji hauonekani kwa macho, na mhadhiri mwenye wanafunzi 400 ukumbini hawezi kukisia ambacho hakuambiwa. Ushauri wangu ni kwamba aende kwa Mshauri wa Wanafunzi na barua ya daktari kabla ya wiki ya mafunzo elekezi. Barua inayoishia kwenye maneno "ana usonji, tunaomba asaidiwe" humtia mpokeaji huruma, kisha huingia kwenye faili na kukaa humo. Iandikeni kwa mambo yanayotekelezeka: kwamba mabadiliko ya ukumbi au ya saa yatumwe kwake kwa ujumbe wa peke yake; kwamba akae karibu na mlango na aruhusiwe kutoka bila kuomba; kwamba afanyie mtihani katika chumba kidogo; kwamba kwenye kazi za kikundi apewe sehemu iliyoandikwa wazi. Mhadhiri akisoma hayo anajua la kufanya kesho asubuhi.

Kuhusu mkopo, maombi ya Bodi ya Mikopo yana sehemu ya ulemavu inayohitaji uthibitisho wa daktari wa serikali. Nimeona wazazi wakiiacha wazi kwa aibu, na aliyeumia ni mtoto.

Mama wa Rungwe

Ninafuatilia kwa makini kwa sababu wangu yuko kidato cha tatu. Mwalimu, je, muda wa ziada wanaoupata watahiniwa wenye mahitaji maalumu kwenye mitihani ya Baraza unahamia chuoni wenyewe?

Mhadhiri, Nyanda za Juu Kusini

Hauhamii, mama. Mitihani ya chuo husimamiwa na chuo chenyewe kwa kanuni zake, hivyo ataomba upya. Aombe mwanzoni mwa muhula. Ombi linaloletwa wiki ya mtihani humkuta kila mtu amechelewa.

Mama wa Makambako

Nimerudi, na ninawashukuru nyote kutoka moyoni.

Nilimwandikia maswali kumi na moja, nikayaacha mezani usiku. Asubuhi nilikuta yote yamejibiwa. Jumanne tulikwenda Iringa, na mazingira ya Mkwawa yalimpendeza. Alitembea njia moja mara tatu akihesabu hatua. Lakini kwenye swali la ualimu alikuwa ameandika: "Sitaki kusimama mbele. Nataka kupima." Mbeya alikwenda na baba yake. Aliporudi alinieleza majengo vizuri sana, masomo hakuyataja. Binamu yake wa Dar es Salaam alimrekodia video ya njia kutoka vyumbani hadi darasani, dakika 14, bila kuzungumza neno, kama alivyoombwa. Ameitazama zaidi ya mara kumi na amechora ramani.

Swali la somo ambalo angelisoma hata bila mtihani alilijibu kwa mstari mmoja: "Kwa nini mvua ya Makambako na ya Njombe hazilingani wakati ni kilomita 60 tu." Baba yake aliisoma karatasi hiyo akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Kisha akasema tuthibitishe Dar es Salaam. Jana jioni binti aliingiza namba ya siri ya kuthibitisha udahili kwa mkono wake.

Baba wa Kihesa, hofu yako bado ninayo, na usingizi wangu si mzuri. Kutokana na maneno yako tumekubaliana kwamba sitamwuliza hali kwa simu. Kila Jumapili nitamtumia maswali matatu kwa ujumbe: amekula nini, amelala saa ngapi, na ni kipindi gani amekikosa. Atapanga chumba jirani na cha binamu yake, ambaye pia atampelekea kila taarifa inayotolewa kwenye kundi la darasa. Tutakwenda wiki mbili kabla ya wenzake kufika. Barua ya Mshauri wa Wanafunzi anaiandika mwenyewe. Mimi nitasahihisha herufi tu.

Ana swali kwa mhitimu wa Iyunga, na ameniomba niliandike kama alivyolisema: chumba ulichopanga kilikuwa na paa la bati, na kama ndivyo, usiku wa mvua kubwa ulikuwa unafanya nini?

Mhitimu wa Iyunga

Mwambie lilikuwa la bati, na halikuwa na dari. Nilivaa vile vizuia kelele vya masikioni wanavyovaa mafundi wa mashine za mbao, ambavyo huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Anunue mapema avizoee akiwa nyumbani, kwa sababu siku za kwanza vinabana nyuma ya masikio, hasa kwa anayevaa miwani.