Tupeane uzoefu: chumvi inavyokula AC, shawa na mapaipu ya Mombasa

Mgeni wa Nyali
Wenyeji, salamu. Nimehamia huku kutoka Nakuru, na kila ninachoshika kina kutu. AC niliyoikuta ina kisanduku cha nje kinachotazama bahari, na vibati vyake ukivigusa vinamomonyoka kama chapati kavu. Mliozaliwa huku mnafanyaje? Semeni mliyoyaona wenyewe: AC, bafu, mapaipu, yote.

Fundi Baridi
Karibu. Vibati hivyo ni alumini, vimebanwa kwenye mrija wa shaba. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Na pepo za Kaskazi na Kusi zote zatujia kutoka upande wa bahari, kwa hivyo ukuta unaotazama mashariki haupumziki mwaka mzima. Wateja wangu nawahamishia kisanduku ukuta wa magharibi. Huko kuna jua la alasiri, kweli, lakini jua utaliwekea kivuli, mradi hewa ipite.

Kama huna pa kuhamisha, zima stima kwenye swichi kubwa, kisha uoshe kwa maji matamu, taratibu. Usikubali mtu aje na mashine ya kuoshea magari. Itavilaza vibati vyote. Na uangalie boliti! Nimeitwa mahali fremu ilikuwa imekatika, AC inaning'inia kwa mrija wake juu ya kichochoro, watoto wanacheza chini.

Bi Kidogo Basi
Mimi langu ni la bafuni. Tulifunga shawa ya umeme, maji yetu ni ya kisima. Kijana wangu akaoga, akatoka mbio na povu kichwani, asema mfereji wamrusha. Fundi alipokuja alitwambia waya wa kupashia moto ulikuwa wazi ndani ya maji, na maji ya chumvi hupitisha stima kuliko maji matamu. Ziko shawa za maji ya chumvi ambazo waya wake umefunikwa, lakini hata hiyo bila waya wa athi, ule wa kupeleka stima ardhini, usiiguse. Sisi tuliing'oa. Jamani, tangi jeusi juu ya paa, mwezi wa pili, saa tisa mchana: nani ataka moto zaidi ya huo?

Mwenye Ploti Likoni
Bi, umenichekesha, lakini wapangaji wangu mwezi wa saba wanaulizia maji moto, nawaambia wachemshe.

Kwangu palikuwa na mapaipu ya chuma. Kwa nje yalionekana mazima, ndani kutu imeziba, kidole hakipiti. Nimeweka ya plastiki yanayounganishwa kwa moto. Matangi ni mawili: maji ya kaunti ya kupikia, ya kisima ya choo na kufulia. Laini hizo msiziunganishe hata kwa valvu. Visima vyetu vimepakana na mashimo ya vyoo, na valvu ikivuja hutajua mpaka watu waumwe matumbo. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, muulize aliyejenga kabla ya kulipandisha.

Bint Mji wa Kale
Sisi hatuna AC. Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe, dari iko juu, panka, madirisha ya mbao yanayopitisha upepo. Jirani alipiga plasta ya saruji juu ya ukuta kama huo ili upendeze. Unyevu ukakosa pa kutokea, chumvi ikaisukuma plasta, sasa yaanguka vipande vipande. Chokaa ingemtosha, na saruji alikatazwa.

Mgeni wa Nyali
Ahsanteni sana. Fundi, moja tu: kisanduku cha ndani kinadondosha maji kitandani. Nacho ni chumvi?

Fundi Baridi
La, hiyo ni paipu ya kutolea maji, imeziba utelezi. Zima, izibue kutoka mwisho wake wa nje, kisha safisha chujio. Ukiona barafu kwenye mrija baada ya hapo, ita fundi, na usikubali akujazie gesi kabla hajakuonyesha inapovujia.