Mtunzi wa chemshabongo, "cha kufikirika" siyo ruhusa ya kulipua kazi!

Wakuu, leo mniache nifoke. Kuna gazeti nanunua kila Jumamosi kwa ajili ya chemshabongo tu, habari nyingine nimeshazimaliza kwenye simu. Siku hizi mtunzi kanogewa na viumbe vya hadithini, na hapo ndipo anapotuvuruga.

Toleo la juzi, 7 kulia: "Mla watu wa hadithini (5)". Haya, ZIMWI au NUNDA? Yote herufi tano, yote yanakula watu tangu enzi za mabibi. Basi unategemea neno linalokatiza likuamulie. Linaanzia kisanduku cha tatu, 8 chini: "Kiumbe wa baharini asiyekuwepo (5)". Jibu eti NGUVA! Asiyekuwepo?! Nguva ni mnyama, ananyonyesha, anakula nyasi za baharini, na wavuvi wa Rufiji na Kilwa humkuta amenasa kwenye jarife. Adimu, ndiyo, lakini yupo. Kama unamtaka yule nusu mtu nusu samaki, si useme? Matokeo yake anayemjua nguva ndiye anayekwama, asiyemjua anapeta.

Kabla ya hapo alituletea LIYONGO: "Shujaa wa kufikirika aliyeuawa kwa mkuki". Mkuki kautoa wapi? Liyongo alichomwa sindano ya shaba kitovuni, na mwanawe mwenyewe. Na huko kwao pwani ya kaskazini ya Kenya jaribu kuwaambia ni wa kufikirika uone, maana kuna mashairi wanayohesabu ni yake.

JINI naye kawekewa "kiumbe asiyekuwepo (4)". Ndugu yangu, nusu ya wasomaji wako wana sura nzima ya 72 yenye jina hilo! Andika "aliyeumbwa kwa moto", yaishe.

Kuweza anaweza, ndicho kinachoniuma. Aliwahi kuandika "Aliwakosesha Wapemba usingizi 1995 (8)". POPOBAWA, safi kabisa. Hajasema yupo, hajasema hayupo, na ukilipata unacheka peke yako.

Nimewaandikia, wakanijibu mchezo ni wa kujifurahisha. Sawa, ila hela ya gazeti mnapokea kwa uzito wote.

Mtunzi, kama umo humu, jitokeze. Na mwenye jibu la 12 chini, "Mnyama wa ajabu (6)", aliweke hapa. Nina K ya mwanzo tu, na ikija kuwa KIFARU nalichana.