Albamu za nyimbo zilizobaki studio: ya kwanza kukugusa ilikuwa ipi? Tupeane uzoefu

Naanza mimi. Yangu ni Incesticide ya Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, ile ya Desemba 1992, nyimbo 15 zilizookotwa huku na huku, demo, sesheni za redio BBC, na nyimbo za bendi nyingine walizozipiga wao. Kaka yangu alikopi kwa mshikaji wake, kava kaandika kwa kalamu nyekundu. Sasa mi wimbo wao Polly nilikuwa naujua ule wa albamu yao ya Nevermind, taratibu, gita na sauti, dramu karibu hamna. Naweka hii kaseti Polly inakuja mbiombio dramu zinatwanga, nikajua redio imeanza kukimbiza mkanda, nikatoa, nikafuta hedi, pale panaposoma mkanda, na spiriti, nikarudisha, bado mbio. Kaka akaja akasema hiyo ndo yenyewe, walipiga hivyo BBC 1991. Nilikaa chini nikairudia mpaka betri zikalegea. Toka siku hiyo albamu ya dukani hainitoshi, lazima nitafute na walichokiacha.

---

Mkuu umenipeleka mbali sana. Mimi napiga dramu kanisani na masikio yangu yalifunguliwa na hiyohiyo, maana wapigaji mle wako wanne, Chad Channing, Dale Crover, Dan Peters na Dave Grohl. Sikiliza wimbo wa Sliver, ni Dan Peters, halafu nenda wimbo wa Aneurysm ni Grohl, snea, ile ngoma ya mlio mkali, inagongwa tofauti kabisa. Nilikuwa nazima taa nakisia nani kakaa kwenye dramu.

---

Mimi niko Nairobi, yangu ni With the Lights Out, lile boksi la CD la Nirvana la 2004. Mle kuna wimbo wa Pen Cap Chew, wa siku ile moja ya Januari 1988 waliporekodi nyimbo kumi Seattle na prodyuza Jack Endino, mkanda ukaisha wimbo ukiendelea, ikabidi sauti ishushwe polepole mpaka ipotee. Huo wimbo unanimaliza kila mara. Sisi pia tulikuwa na bendi, tukarekodi nyimbo sita, studio ikafungwa na hadi leo hatujui hadidiski ilienda wapi. Besi wetu alishafariki. Nimebaki na sekunde arobaini kwa simu, anatuni, anaguna, anauliza kama tuko tayari, halafu inakatika. Nimeziweka mahali tatu tofauti zisije zikapotea pia.