Mwezi mmoja Lucca, Italia: kuishi kama mwenyeji, au utalii wa polepole tu?

Mleta Hoja: Mtu akipanga nyumba Lucca mwezi mzima, akaacha kukimbizana na Florence na Pisa, ni mwenyeji wa muda au siyo? Kahawa anywe amesimama kaunta, maana ukiketi mezani bei hupanda. Sokoni awahi kabla ya saa saba mchana. Maduka mengi hufunga mpaka kwenye saa kumi. Jioni azunguke juu ya ukuta wa mji, kilomita 4 na ushee, chini ya miti. Nyumbani achemshe moka, kile chombo cha Kitaliano cha kuchemshia kahawa jikoni, na asiioshe kwa sabuni.

Kaka Mpole: Umesahau umeme. Nyumba nyingi zina mkataba wa kilowati 3, huo ndio umeme wote wa kutumia kwa wakati mmoja. Washa oveni, mashine ya kufulia na birika kwa pamoja uone giza. Na mita ya kuuwashia tena mara nyingi iko chini kabisa, mlangoni mwa jengo.

Bi Tausi: Mnaongelea birika, mimi naongelea nyumba. Ya wageni sharti iwe na CIN, namba ya kitaifa ya utambulisho, kwenye tangazo na mlangoni. Mwenye nyumba anapeleka majina yenu polisi ndani ya saa 24. Mwenyeji gani huyo? Na nyumba ikishaonja wageni wa mwezi mwezi, nani atampa mpangaji mkataba wa miaka 4, ukiongezwa 4 mingine?

Mzee wa Watamu: Mtaliano akae Malindi miaka ishirini, abishane bei ya samaki kwa Kiswahili, bado tunamwita mzungu. Nyie wiki nne tu mshakuwa wenyeji!

Mleta Hoja: Mzee, wa Malindi ananunua kiwanja, wa Lucca anapanga vyumba viwili. Usichanganye.

Mzee wa Watamu: Ananunua wapi? Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mgeni ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Soma kwanza, mwanangu.

Bi Tausi: Swali langu la nyumba limepotelea Malindi.

Fundi Jiko: Mimi nimekwama kwenye sabuni. Nani kawadanganya? Mafuta ya kahawa yakiganda ndani yanachacha, kahawa inakuwa na ladha ya jana. Sabuni kidogo, suuza sana, kausha. Kinachoua moka ya aluminiamu ni mashine ya kuoshea vyombo: inatoka nyeusi.

Mleta Hoja: Waitaliano wenyewe wanasema maji matupu!

Fundi Jiko: Wanasema pia usishindilie kahawa, mbona hilo hulisemi? Maji yaishie chini ya vali ya kutolea mvuke ukizidi, kahawa ijae bila kukandamizwa, moto mdogo, uiepue ikianza kukoroma. Mpira ukikakamaa mvuke unatokea pembeni. Vali ikiziba kwa chokaa, hapo ni hatari, siyo ladha tena.

Kaka Mpole: Na jiko la induction, la umeme linalopasha chombo kwa sumaku?

Fundi Jiko: Aluminiamu haipati moto pale. Tafuta ya chuma cha pua inayoshika sumaku, au weka kisahani cha chuma chini yake. Na uizime mashine ya kufulia kwanza.

Kaka Mpole: Si nilisema!