Ushauri: mwongoza mchezo awabane wachezaji kwa kiasi gani?

Mleta uzi: Wakuu, salaam. Naongoza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu, wachezaji 4 mezani. Nimewaandalia hadithi ndefu: mchawi kaiba taji, wanamfuata hadi ngomeni kwake, vita vya mwisho vinapigwa huko. Shida hawafuati! Nawapa barua yenye siri, wanaiweka mfukoni bila kuisoma, wanaenda kupiga soga na mlinzi wa lango niliyembuni papo hapo. Niwabane kiasi gani? Wawili wameshanuna na sijui kama watarudi. Nina wasiwasi kweli.

Dadu Mkononi: Waachie. Mchezo huu ulipotoka mwaka 1974, watunzi wake Gygax na Arneson waliuza kanuni, si hadithi. Hadithi inazaliwa mezani.

Mama Kete: Sikubaliani sana. Sisi tuliwahi kuachiwa uhuru wote, kikao kizima kikaisha tunabishana twende mashariki au kusini. Nilitamani mtu apige kelele kwamba kijiji kinaungua. Siku hizi nikiongoza, kila siri naifikisha kwa njia 3; wakiipita moja, nyingine wataikanyaga. Na huyo mlinzi wamempenda, basi siri ya barua itoke mdomoni mwake.

Mzee wa Kanuni: Mleta uzi, watu hawanuni kwa sababu ya barua. Sema yote.

Mleta uzi: Sawa. Mchawi alikuja mapema kuwatisha, mchezaji wa mpiga upinde akarusha dadu ya pande 20, akapata 20, alama ya juu kabisa, mara mbili mfululizo. Mchawi ilikuwa afe. Nyuma ya kadibodi ninayofichia dadu zangu nikamwongezea alama za uhai, akatoroka. Mchezaji mmoja alikuwa anajumlisha madhara kwenye karatasi, akaniuliza mbele ya wote. Lakini angekufa pale hadithi ingebaki na nini? Ngome nimeshaichora, chumba kwa chumba mpaka mahandaki.

Mja Mnyonge: Uongo ni uongo, hata wa mchezoni. Waombe radhi.

Jicho Kali: Hii chai. 20 mbili mfululizo ni 1 kati ya 400. Mtu katunga, nyie mnashauri.

Dadu Mkononi: Hiyo 400 ni kwa mirusho miwili uliyoitaja kabla. Watu 4 wakirusha kikao baada ya kikao, itatokea tu. Mimi nilitoa 1 mara mbili mfululizo navuka mto. Mhusika wangu kipenzi alizama hivyo hivyo, na bado inaniuma.

Jicho Kali: Na adui mkuu aje mwenyewe mwanzoni, asimame mbele ya upinde? Chai.

Mleta uzi: Si chai. Nilitaka atoe hotuba, aondoke.

Mzee wa Kanuni: Ukimsimamisha adui mbele ya watu wenye silaha, umekubali anaweza kufa. Kuwawekea njia si kosa. Ulichofanya ni kumnyang'anya mtu ushindi ambao dadu zilishampa. Rudisha: mchawi alikufa kwa majeraha yale, taji kalirithi mwanafunzi wake. Ngome yako haijapotea hata chumba kimoja. Halafu dadu zako rusha hadharani.

Mleta uzi: Mwanafunzi nimemkubali, nawaandikia wale wawili leo. Ila kurusha hadharani, hapana. Kadibodi inabaki.

Mzee wa Kanuni: Basi kila adui atakayetoroka watakuuliza tena.