Nani kawatuma kufagia msitu wetu wa Tanga?

Wakuu, salaam. Wasimamizi, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa vivutio vya utalii, sikuja kusifia kitu. Nimeandika na kufuta mara tatu tangu Jumapili usiku, kwa sababu kila nikianza naishia kwenye matusi, na matusi hayausaidii msitu.

Jumapili nilimpeleka baba kwenye ule msitu mdogo wa hifadhi hapa karibu na mji. Wenyeji mtaujua. Jina silitaji, maana najua atakayetolewa kafara ni yule kijana wa getini mwenye kitabu cha stakabadhi, na yeye hana kosa. Baba ana miaka 78, kafanya useremala Ngamiani maisha yake yote, miti ya pwani anaitambua kwa harufu ya maranda. Tangu Ramadhani alikuwa ananiomba akauone mvule mmoja aliowahi kuonyeshwa na babu yake alipokuwa mtoto. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ni hifadhi, atakuta kila kitu kama alivyokiacha.

Tumekuta msitu umefagiwa.

Sizungumzii chupa za plastiki. Hizo ziokotwe hata leo, nitakuja kusaidia. Nazungumzia majani. Kutoka getini hadi kwenye ule mvule, hatua kama ishirini kila upande wa njia, majani makavu yote yamekokotwa kwa reki, yakarundikwa, yakachomwa. Majivu tumeyakuta bado yana moto. Udongo uko uchi, umegongwa na jua, kama uwanja wa shule siku anayokuja mkaguzi. Mashina yamepakwa chokaa mpaka usawa wa kiuno, na mvule wenyewe nao haukusalimika! Mti ambao watu wanne wakishikana mikono hawauzunguki, umepakwa chokaa kama mnazi wa mbele ya hoteli, na juu yake zimepigiliwa misumari ya kutundikia taa za rangi.

Baba aliweka kiganja kwenye ile chokaa, akakigeuza, akakitazama. Akaniuliza, "Mwanangu, mti huu wameuvisha sanda?" Sikuwa na la kumjibu.

Nikamuuliza mwongozaji. Kwa adabu kabisa akasema ni agizo kutoka juu, mazingira yawe safi, kwa kuwa siku hizi maharusi wanakuja kupiga picha na wageni wanaogopa nyoka. Lile gogo kubwa lililokuwa limelala karibu na kijito? Limepasuliwa mabenchi. Na ule mti mkavu wenye tundu, ambao nikiwa shule ya msingi mwalimu alitukalisha chini yake tukimya tumtazame ndege akilisha? Umeangushwa, usije ukamwangukia mgeni.

Aliyetoa agizo hilo anajua bustani. Msitu haujui.

Yale majani ndiyo chakula cha msitu. Udongo wetu huku ni mchanga na mawe ya chokaa, wenyewe hauna akiba kubwa. Rutuba iko kwenye miti na kwenye kile kinachodondoka kutoka kwenye miti. Jani linaanguka, mchwa na kuvu wanalila, mizizi inalichukua tena. Na ni blanketi pia: mvua za masika zikiisha, unyevu unabaki chini ya majani mpaka vuli zirudi. Mbegu ya mbambakofi, ile nyeusi yenye kofia nyekundu ambayo sote tumeichezea utotoni, huota humo humo. Ukikokota reki umekokota na watoto wa miti. Nimetembea ile sehemu yote nikiinama, sikuona mche hata mmoja wa urefu wa kidole.

Halafu kuna sange. Wengi wanamfikiria ni panya, wala si panya: pua ndefu inayochezacheza, mgongo mweusi, ubavu mwekundu. Anatafuta wadudu kwa kupekua majani makavu, na kiota chake anakijenga kwa majani hayo hayo, chini, ardhini. Aina hii inaishi kwenye misitu ya ukanda wetu huu, haipatikani kila mahali duniani. Ninyi mmewasha moto nyumbani kwake ili bibi harusi asichafue gauni.

Na ule mti mkavu wenye tundu! Hondohondo jike akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba tu wa kupitishiwa chakula na dume. Tundu kubwa kiasi hicho halipatikani kwenye mti wa miaka ishirini. Linataka mti uliozeeka, ukaugua, ukaoza ndani. Ukiukata kwa kuwa umekauka, umebomoa nyumba ambayo hakuna fundi wa kuijenga upya. Hapo ndipo msitu wa kale unapotofautiana na shamba la miti. Mitiki ya shamba la Longuza ukivuna unapanda tena. Huu wetu ukishaharibika utapanda nini?

Na ni mdogo, jamani. Ukitembea polepole, saa moja tu umeumaliza. Tangu Mjerumani Hindorf alipoleta mkonge mwaka 1893, misitu ya huku chini ilifyekwa kupisha mashamba, vikabaki viraka. Baba hata mabaki ya viraka hivyo anavijua kwa historia yake. Alisimama kwenye msandarusi akanieleza jinsi utomvu wake ulivyokuwa ukisafirishwa kupitia Unguja hadi Salem, Marekani, karne ya 19, ukapikwa vanishi ya kung'arishia fanicha za watu. Na lile ua la urujuani lililojaa madirishani Ulaya lilitoka pande zetu hizi: Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa akitawala upande wa Usambara, ndiye aliyelipeleka kwao mwaka 1892, na wataalamu wakalipa jina la kisayansi Saintpaulia, kutokana na jina la ukoo wake. Linapenda kivuli na unyevu, kwenye nyufa za mawe. Ukiondoa kivuli na unyevu, litakaa wapi?

Kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba wazee wetu walilijua hili bila semina. Bibi yangu, Mdigo wa Mkinga, hakuruhusu mtu avunje hata tawi kavu mzimuni. Ukitaka kuingia unaomba, ukitoka unatoka mikono mitupu. Watu wanasema ni ushirikina, lakini ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, Kenya, misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliyolindwa kwa miiko ya namna hiyo hiyo iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Huku kwetu msitu uliokuwa ukilindwa na ubani na kaniki sasa una geti, una stakabadhi, una bango, na unachomwa majani.

Najua nitakayoambiwa. Kwamba nyoka wanauma. Basi safisheni njia yenyewe, upana wa watu wawili, mwacheni mgeni atembee na mwongozaji mbele. Kwamba mapato yanahitajika. Kiingilio nimelipa, sina ugomvi nacho, harusi zipigwe picha hapo nje kwenye nyasi ambako pana nafasi tele. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imefungua mlango wa wananchi kushirikishwa katika kusimamia misitu. Waiteni wazee wa kijiji jirani muwaulize, wapo hai, wapo mita chache kutoka getini, na niliozungumza nao wakati tunarudi hakuna aliyeulizwa kitu.

Jana nimepeleka barua. Ofisini wameniambia malalamiko ya wageni yanapokelewa getini. Getini wameniambia yanapokelewa ofisini. Nakala yangu haijagongwa muhuri mpaka naandika hapa.

Kijana mmoja wa pale kaninong'oneza kwamba Jumamosi kuna harusi nyingine, kwa hiyo Ijumaa alasiri watakokota reki upande wa pili, ule wa kijito, ambao bado haujaguswa. Ijumaa saa nane mchana nitakuwa getini na nakala za barua. Aliye Makorora, Chumbageni au Mikanjuni anayeweza kufika aandike hapa chini, tupange usafiri. Baba kasema anakuja, nimtafutie bajaji.